Barua ya Pemba: Kilima Hakihesabu Magurudumu



Majuma mawili yaliyopita nimeletewa barua na kijana mmoja wa upande wa Konde, kaskazini mwa kisiwa chetu. Ndani ya bahasha alitia picha. Picha hiyo yaonyesha mtu amekaa juu ya gurudumu moja tu. Hana usukani, hana mnyororo, hana gurudumu la pili, naye anapanda mtaa ulioinuka kama paa la nyumba. Kijana aandika kwamba alimwonyesha baba yake, akamwambia: “Baba, huyu ana gurudumu moja, naye apanda kilima. Mimi ninayo mawili, na kila siku nashuka nikakokota. Je, kosa ni langu au ni la baiskeli?” Baba akajibu kwamba picha ni ya uongo, tena kwamba mtoto wake ni mvivu. Tangu siku ile, asema, karafuu zikiwa tayari kupelekwa kituoni kila mmoja anunia gunia lake.

Basi wameniomba mimi niamue. Kwangu si kazi ya kila siku. Mimi ni karani wa parokia; kazi yangu ni vitabu vya ubatizo na vya ndoa, na kupeleka barua huku na huku kwa baiskeli. Lakini zamani kidogo nilisomea ualimu, na kwa shauri hili hesabu za darasa la saba zatosha kabisa. Nitasema hukumu kwanza, kisha nieleze. Picha yaweza kuwa ya kweli, wala hakuna uchawi ndani yake. Kijana si mvivu. Baiskeli yake nayo haikuharibika. Ila yeye na baba yake wote wawili wamehesabu magurudumu, na kilima hakihesabu magurudumu.

Kwanza tuitazame hiyo baiskeli ya gurudumu moja. Wengi wetu, kama tumeiona, tumeiona kwenye sarakasi, mtu akizunguka nayo uwanjani huku akirusha mipira juu. Kwa hiyo twadhani ni kitu cha mchezo tu. Kumbe wako watu katika nchi nyingi wanaoiendesha porini, milimani na barabarani. Wanalo shirikisho lao la kimataifa. Mwaka 1984 walifanya mashindano yao ya kwanza ya dunia mjini Syracuse, katika jimbo la New York huko Marekani, na tangu hapo wameendelea kukutana katika nchi mbalimbali. Miongoni mwa michezo yao yako mashindano ya kupanda kilima: apandaye upesi ndiye mshindi. Mmoja wa waliojulikana sana kwa kuipeleka milimani ni Kris Holm wa Kanada, ambaye kwa taaluma ni mtu wa elimu ya miamba na ardhi. Basi si wahuni hao, wala si wachawi.

Mitaa mikali kama ule wa pichani nayo ipo. Katika mji wa Dunedin, New Zealand, uko mtaa uitwao Baldwin Street. Mahali pake pakali kabisa, kwa kila mita 100 za kwenda mbele mtaa hupanda mita 35 hivi. Mwaka 2019 sifa ya kuwa mtaa mkali kuliko yote duniani ilinyang'anywa ikapewa mtaa mmoja wa Harlech, huko Wales. Watu wa Dunedin hawakukubali. Walitaka mitaa yote ipimwe katikati ya njia, si pembeni kwenye kona, na mwaka 2020 wakarudishiwa sifa yao. Nawatajia habari hii kwa sababu yanichekesha kwamba watu wazima waligombana kwa ajili ya kilima, wakati sisi wa Pemba tungewapa vyetu bure.

Maana wasomaji wa bara huenda hamjui kisiwa hiki. Mkisikia kisiwa mwafikiri mchanga na minazi. Unguja ndiyo iliyo tambarare upande mwingi. Pemba ni vilima na mabonde toka Mkoani mpaka karibu na Konde. Si virefu. Ninyi wa Lushoto na Mbinga mtaviita vichuguu, kwa kuwa hata kile kirefu hakifiki mita 120 juu ya bahari. Lakini ni vingi na ni vya ghafla. Mtu ashuka bondeni kwenye mpunga, apanda kwenye mikarafuu, ashuka tena kwenye mpunga, na katika mwendo wa saa moja amefanya hivyo mara tano au sita. Atokaye bandarini Mkoani kuingia mjini aanza kupanda kabla hajapata pumzi ya kutoka chomboni. Hapo baiskeli ya mzigo ndipo inapoonyesha hila yake.

Sasa niwaombe mnivumilie kidogo kwa hesabu. Mwenye baiskeli aisimamishe ukutani, ahesabu.

Katika baiskeli zetu za kawaida, pedeli huzungusha duara kubwa la meno lililo mbele. Duara hilo huvuta mnyororo, na mnyororo huzungusha duara dogo la meno lililo nyuma, ambalo mafundi huliita friwili. Nimehesabu ya baiskeli ya parokia: mbele meno 48, nyuma meno 20. Basi mguu ukizungusha pedeli mara moja, gurudumu la nyuma limezunguka mara 2 na sehemu 4 za kumi. Gurudumu lenyewe nimelipima kwa uzi: mzunguko wake ni mita 2 na senti 20. Maana yake ni kwamba mzunguko mmoja wa pedeli wanipeleka mbele mita 5 na senti 30 hivi. Jambo zuri sana kwenye tambarare! Unakanyaga kidogo, unakwenda mbali.

Baiskeli ya gurudumu moja haina mnyororo. Pedeli zimefungwa kwenye ekseli yenyewe, na ekseli imeshikamana na gurudumu. Mguu ukizunguka mara moja, gurudumu limezunguka mara moja, basi. Ile ya kupandia milima mara nyingi gurudumu lake ni inchi 24, na mzunguko wake haufiki mita 2. Kwa hiyo wakati mwenzetu wa pichani amekwenda hatua mbili, mimi nimekwenda zaidi ya tano, na miguu yetu imefanya mzunguko ule ule mmoja.

Kwenye tambarare namwacha mbali. Kilimani je?

Tuchukue kilima ambacho kwa kila mita 10 za mwendo chapanda mita 1. Mimi nina kilo 60. Baiskeli yaweza kuwa kilo 20. Jumla 80. Mzunguko mmoja wa pedeli, tumesema, ni mita 5 na senti 30. Basi kwa mzunguko ule mmoja nimeziinua kilo 80 kwenda juu senti 53. Kuinua kilo 1 kwa mita 1 tukuite kipimo 1 cha kazi. Hapo pana vipimo 42.

Nguvu yatoka wapi? Kwenye miguu inayoshuka. Mkono wa pedeli ni senti 17, kwa hiyo mguu mmoja hushuka senti 34, na miguu miwili kwa mzunguko mmoja hushuka senti 68. Hata nikisimama juu ya pedeli kwa uzito wangu wote, kilo 60 kwa senti 68 ni vipimo 41. Kazi yataka 42, nami ninavyo 41, na bado sijahesabu matairi laini wala mnyororo mkavu. Ndiyo maana tukifika kilimani twainuka kitini, twashika usukani na kuuvuta kwa mikono mpaka mishipa ya shingo yatoka: kile kinachopungua miguuni twakitafuta mikononi.

Sasa mpandishe gunia la karafuu kavu la kilo 40 kwenye keria. Kazi yapanda mpaka vipimo 64. Uzito wako ni ule ule, vipimo vyako ni vile vile 41. Hapo, baba wa Konde, hakuna uhodari utakaoleta tofauti hiyo kwa siku nyingi. Kijana mwenye kifua ataishinda mara moja mbele ya wasichana, na juma lijalo ataonekana kwa fundi na mnyororo uliokatika, au kwa mganga na mgongo. Nimewaona wote wawili.

Tumrudie mwenye gurudumu moja katika kilima kile kile. Yeye ni kilo 60, chombo chake tuseme kilo 6. Kwa mzunguko mmoja ajiinua senti 19 tu. Kazi yake haifiki vipimo 13. Mikono ya pedeli zake ni mifupi, senti 15, lakini bado akisimama ana vipimo 36. Anazo nguvu karibu mara tatu ya zinazotakiwa! Mpe kilima kikali mara mbili, bado atapanda. Pale Baldwin Street ndipo atakapobanwa, kwa kuwa gurudumu la inchi 24 lataka vipimo zaidi ya 41. Lakini akichukua dogo la inchi 20, kazi yawa kama 35, nayo yamkalia ndani ya uwezo wake, ijapokuwa kwa shida.

Kama hesabu imewachosha, iacheni, mshike mfano huu. Zamani za babu za babu zetu, kabla mnyororo haujaingia katika baiskeli, Wazungu walikuwa na baiskeli yenye gurudumu moja kubwa mbele na dogo sana nyuma. Pedeli zilifungwa kwenye ekseli ya lile kubwa, kama ilivyo leo katika ile ya gurudumu moja. Aliyetaka mwendo zaidi alinunua gurudumu kubwa zaidi, mpaka miguu yake ikakoma kufika. Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry, Uingereza, alitoa baiskeli yake aliyoiita Rover, yenye magurudumu mawili karibu sawa na mnyororo wa kuendesha lile la nyuma. Ndiyo mama wa baiskeli zetu zote. Lakini mafundi wa huko waliendelea kuipima baiskeli kwa kuuliza: hii ni sawa na gurudumu la inchi ngapi? Basi tuipime ya parokia: inchi 28 mara 2 na sehemu 4 za kumi ni inchi 67. Maana yake, ninapopanda kilima chetu, mguu wangu wasikia kana kwamba wazungusha gurudumu lenye kimo cha mtu mzima. Mwenzetu wa pichani azungusha gurudumu ambalo kimo chake ni cha kupita magoti kidogo. Sasa ni nani mwenye kustahili kushangaliwa?

Hata hivyo nisije nikamnyima sifa yake. Nguvu anazo za kutosha, lakini shida yake ni nyingine, nayo ni kubwa. Hana cha kumzuia asianguke mbele wala nyuma. Mimi nikichoka kilimani naweza kuacha kukanyaga kidogo. Friwili yangu itatoa ule mlio wake, na baiskeli itakwenda yenyewe hatua moja mbili. Yeye akiacha kukanyaga, gurudumu limesimama, naye yuko chini. Tena pako mahali pabaya katika kila mzunguko, pale pedeli moja ikiwa juu kabisa na nyingine chini kabisa. Hapo uzito wa mwili hausukumi kitu. Juu ya baiskeli ya magurudumu mawili mwendo wenyewe watuvusha. Yeye kilimani hana mwendo wa kumvusha, hapana budi ajirushe mbele kwa kiuno mpaka pedeli ipite. Ashika kishikio kilicho mbele ya kiti, akivuta juu huku akisukuma chini kwa miguu, na mkono wa pili auacha hewani kutafuta mizani. Na kilima kilivyo kikali ndivyo inavyompasa kuinama mbele, kwa kuwa gurudumu liko juu zaidi ya alipokuwa nukta iliyopita, na mwili ukibaki nyuma umekwisha.

Mteremko pia ni kazi kwake. Sisi tukishuka twastarehe. Yeye kila mzunguko wa gurudumu ni mzunguko wa miguu, hata chini. Lazima alizuie gurudumu kwa mapaja, isipokuwa kama amefunga breki.

Sasa kuna swali la kijana ambalo baba yake hakulipenda: je, naweza kuitengeneza hiyo kwa baiskeli yetu kuukuu? Nakujibu, mwanangu, kwamba huwezi kwa urahisi unaofikiri. Katika gurudumu la baiskeli ya kawaida ekseli imetulia, na gurudumu lazunguka juu ya gololi. Katika ile, ekseli yazunguka pamoja na gurudumu. Kwa hiyo moyo wa gurudumu wabadilika wote. Ukimpa fundi wa kuchomea vyuma aunganishe pedeli kwa moto tu, itakatika siku utakapoitumainia zaidi. Ukipata nzuri iliyotengenezwa kiwandani, jifunze kwanza kwenye uwanja tambarare ukishika ukuta au ua, wala usifikirie kilima mpaka umeweza kwenda na kugeuka bila kushika. Nayo haina keria. Karafuu utaziweka wapi?

Kwa hiyo tuache mchezo, turudi kwenye gunia, maana hapo ndipo ugomvi wa nyumba ile ulipo, na si nyumba ile peke yake.

Kwanza niseme neno juu ya kukokota. Watu wetu wamefanya kukokota kuwa aibu. Mzee ashukaye chini ya mbuyu, akashika usukani kwa mkono mmoja na gunia kwa mkono wa pili, vijana wa bodaboda wampita na kumcheka. Lakini tazameni hesabu: baiskeli na gunia kwa pamoja ni kilo 60, na katika kilima kile cha 1 kwa 10 wahitaji kuisukuma kwa nguvu ya kilo 6 hivi tu, ambayo ni kama ndoo ndogo ya maji. Mwili wako wautembeza kwa miguu yako, kama ulivyoumbwa. Kukokota nako ni gia, tena ndiyo gia nyepesi kuliko zote, wala haiharibiki.

Wako watu wanaojua vilima kuliko sisi waliofikia shauri hilo hilo. Kule Goma, mashariki ya Kongo, penye milima ya moto, watu wana chombo cha mbao kiitwacho chukudu. Kina magurudumu mawili, usukani, na ubao mrefu wa kuwekea mzigo, wala pedeli hakina kabisa! Hubeba viazi, makaa, kuni na mifuko ya saruji, mizigo ambayo baiskeli ingevunjika. Kilimani hukisukuma, wakati mwingine watu wawili au watatu. Mteremkoni mwenyewe hupiga goti juu yake akateremka, na kwa breki hukanyaga kipande cha mpira kinachogusa gurudumu la nyuma. Hapana amwitaye mwenye chukudu mvivu. Mjini kwao wamekisimamishia sanamu.

Lakini si kila wakati mtu apaswa kukokota. Kuna mtoto wa shule aendaye mbali, kuna mama apelekwaye zahanati akiwa amekaa kwenye keria, kuna atokaye kituoni jioni bila mzigo na bado vilima vitatu vimemngoja. Hao wafaa kusaidiwa, na njia ipo.

Njia ya bei ndogo ni kubadili friwili. Mwambie fundi aitoe ya meno 20, akutilie ya meno 24 akiipata, na kuongeza vipande vya mnyororo maana wa zamani utapungua. Sasa mzunguko mmoja wakupeleka mita 4 na senti 40. Kilima kile cha 1 kwa 10 bila mzigo chataka vipimo 35, nawe ukisimama unavyo 41. Utapanda bila kuuvuta usukani kama mtu aking'oa muhogo. Kwenye tambarare ya kuelekea Micheweni utachelewa kidogo, miguu itazunguka zaidi. Hayo ndiyo malipo yake. Na nisikudanganye: ukiweka gunia la kilo 40 kazi yawa vipimo 53, na bado itakupasa kushuka. Kwa vilima vyetu mimi ningeichagua hiyo kuliko zote. Baiskeli hizi za meno 48 kwa 20 zimefanyiwa nchi ya barabara ndefu tambarare, nasi twazinunua kwa kuwa ndizo zilizopo dukani.

Njia ya pili ni baiskeli za mitumba zenye gia nyingi zinazoletwa kutoka ng'ambo. Nyingi zina duara dogo mbele lenye meno 28 hivi, na nyuma lipo la meno 28 pia. Hapo mguu mara moja, gurudumu mara moja. Yaani ni sawasawa na ile ya pichani, ila una gurudumu la pili la kukushika usianguke! Hata na gunia la kilo 40 kazi yawa kama 25 tu. Kwa baiskeli za namna hii binamu wawili Waingereza, Nicholas na Richard Crane, walipanda Kilimanjaro mpaka kilele chenye mita 5,895, wakizibeba mabegani pale zisipopandika, wakichangisha fedha za pampu ya upepo ya kuvuta maji kaskazini mwa Kenya. Kitabu chao kilitoka mwaka 1985.

Ila hapa namuunga mkono baba wa Konde, kwa kuwa najua atakalolisema. Baiskeli ya gia nyingi ni kama mke wa pili kwa gharama. Mnyororo wake ni mwembamba, nyaya zake hushika kutu kwa hewa ya bahari, ule mkono unaohamisha mnyororo ukigonga jiwe umepinda, na kipuri chake mara nyingi chapatikana Unguja au hakipatikani. Keria zake nazo ni za kuwekea begi, si gunia. Mwenye moja asichukue mzigo mzito mpaka fundi amefunga keria ya chuma na kuangalia njiti za gurudumu la nyuma. Na asibadili gia akiwa katikati ya kilima amekanyaga kwa nguvu zote. Ashushe gia bondeni, kabla miguu haijalia.

Kabla hujanunua chochote, pima kilima chako. Chukua ubao ulionyooka wa mita 1 na chupa yenye maji nusu. Weka ncha moja ya ubao juu ya barabara kuelekea kilimani, laza chupa juu ya ubao, kisha inua ncha ya upande wa bondeni mpaka maji yakae sawa. Pima nafasi kati ya ncha hiyo na barabara. Ikiwa senti 10, kilima chako ni 1 kwa 10. Mimi nimepima kile kinachopanda kuja kwetu, nikapata senti 14 mahali pakali. Wenye baiskeli za meno 20 nyuma, hapo shukeni, hata bila mzigo.

Jambo moja limebaki, nalo ndilo lililonifanya nisiichelewe barua hii. Msimu mkubwa wa karafuu mara nyingi hukutana na mvua za vuli. Udongo wetu mwekundu ukilowa ni kama sabuni, na breki za vyuma zikilowa hazishiki gurudumu kama siku ya jua. Yule aliyekokota gunia kwenda juu hujiona amestahili kuteremka amekaa. Kilo 120 zikishika mteremko hazisikii breki za mpira mkuukuu. Kila mwenye gunia atazame vipande vya mpira vya breki kabla ya kutoka, mbele na nyuma; bei yake ni ndogo kuliko bandeji. Na mteremko ukiwa mkali na umelowa, ashuke pia, akokote kwenda chini, gunia likiwa upande wa kilima.

Kijana wa Konde, picha yako nimeiweka ofisini. Ukipita Wete uje uichukue, ulete na baiskeli tuhesabu meno. Mwambie baba namsalimu sana.

Juma lijalo nitaijibu barua ya mama mmoja wa Mtambile juu ya minazi inayodondosha vidaka.